Leza ya kuacha miwani: mambo ya kujua kabla hujalala kwenye kile kitanda

Kama umevaa miwani tangu sekondari na umeshachoka kuipangusa kwa shati kila ukishuka kwenye gari lenye AC, maana joto la Dar likiigusa tu inajaa ukungu na huoni hata daladala imeandikwa wapi, basi iko siku utaanza kuulizia leza. Na ukianza kuulizia utasikia kila kitu, huyu atakwambia shemeji yake alifanya India karudi anaona mpaka Zanzibar, yule atakwambia kuna mtu alipofuka. Mi nimefanya, mdogo wangu alitaka kufanya akakataliwa, na kati ya hizo habari mbili ya kwake ndo ina faida zaidi kwa mtu anayejipanga, kwahiyo humu nitakaa sana kwenye kupimwa kuliko kwenye operesheni. Operesheni yenyewe ni dakika chache tu. Kila kitu kinaamuliwa siku ya vipimo.

Kwanza tuelewane ni leza ipi

Leza za macho ziko nyingi na watu wanazichanganya. Bibi aliyetolewa mtoto wa jicho, miaka imepita akaanza tena kuona ukungu, akapigwa leza kidogo pale kliniki na siku hiyohiyo karudi nyumbani, ile ni ya kufungua utando uliopata ukungu nyuma ya lenzi aliyowekewa. Mwenye kisukari anapigwa leza ndani kabisa kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, ili mishipa mibovu isiendelee kuleta madhara. Mwenye presha ya macho nae ana ya kwake, ya kusaidia maji ya ndani ya jicho yapate njia ya kutoka. Zote hizo ni za kutibu ugonjwa, hamna hata moja itakayokutoa miwani, na ukifika mapokezi ukasema "nataka leza" bila maelezo utazungushwa asubuhi nzima. Sema unataka operesheni ya kuondoa namba ya miwani, watakuelewa.

Hii inafanyika kwenye konea, kile kioo cha mbele kabisa cha jicho. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, wenyewe wanahesabu kwa mikroni, elfu moja ndo milimita moja, na watu wengi wako kwenye 540 hivi, wengine chini ya hapo wengine juu. Leza inayotumika inaitwa eksima, ni mwanga wa UV wa nanometa 193 ambao kila ukipiga unaondoa tabaka jembamba mno bila kuunguza pembeni. Waliogundua kwamba inaweza kukata nyama kwa usafi hivo ni watafiti wa IBM kule Marekani mwaka 1981, na walijaribia kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, sitanii. Asiyeona mbali anapunguzwa konea katikati iwe bapa zaidi, asiyeona karibu anapunguzwa kwa kuzunguka pembeni, na mwenye astigmatizimu, yaani konea imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, anasawazishwa.

Njia zipo tatu utakazozisikia. LASIK wanakata kifuniko chembamba juu ya konea, wanakifunua, leza inapiga chini yake, alafu kifuniko kinarudishwa na kinajishikilia chenyewe bila nyuzi. Kesho yake mtu anaona. PRK haina kifuniko, wanakwangua ile ngozi laini ya juu ya konea na leza inapiga hapohapo, ngozi inaota tena ndani ya wiki hivi, lakini siku tatu za kwanza maumivu yapo na kuona vizuri kunachukua wiki kadhaa. SMILE ndo mpya zaidi, Marekani waliiruhusu 2016, hapo leza nyingine inachonga kipande kama lenzi ndani ya konea na daktari anakitoa kwa tundu dogo la milimita chache. Usiende na jibu lako kichwani kwamba "mi nataka LASIK tu", kuna jicho ambalo PRK inalifaa zaidi, hasa konea ikiwa nyembamba kidogo au kama unacheza ngumi, karate, au uko jeshini, maana hapo hamna kifuniko cha kusogezwa na konde.

Kupimwa, na hapa naomba usiwe na haraka

Kama unavaa lenzi za machoni, zile laini uziache wiki moja mpaka mbili kabla ya vipimo, zile ngumu wiki tatu nne au zaidi, kwasababu zinabadilisha umbo la konea na mashine itapima umbo la lenzi badala ya jicho lako. Rudi kwenye miwani kwa huo muda hata kama unaona aibu. Alafu beba karatasi za vipimo vya zamani, au hata miwani yenyewe ya zamani watasoma namba zake, maana wanataka kuona namba imetulia angalau mwaka mzima, haijacheza zaidi ya nusu. Kijana wa miaka 18 kwa sheria za wenzetu anaruhusiwa lakini madaktari wengi wanapenda kusubiri mpaka 21 na zaidi, kwasababu namba bado inapanda na ukifanya leo miaka miwili mbele unarudi kwenye miwani.

Tenga nusu siku, na usiende na gari unaloendesha mwenyewe. Watakuweka matone ya kutanua mboni ili waone retina, na ukitoka nje saa saba mchana jua la Dar utaliona adui, simu husomi, sura za watu zimefifia, na hali hiyo inakaa masaa kadhaa.

Vipimo vyenyewe haviumi. Unaweka kidevu kwenye kile kibao, paji la uso linagusa mkanda, mbele yako kuna mviringo wa taa mmoja ndani ya mwingine na wewe unaangalia katikati usipepese, mashine inachora ramani ya konea kwa rangi, bluu ni sehemu bapa, nyekundu ni sehemu iliyochongoka. Kuna kipimo cha unene. Kuna presha ya macho. Mboni inapimwa ukubwa ikiwa gizani. Na kuna kale kakaratasi kembamba wanakakunja ncha na kukaning'iniza kwenye kope ya chini, kana alama za milimita, unafumba macho dakika tano na machozi yanapanda kwenye karatasi taratibu, wanasoma yamefika wapi. Ya kwangu yalifika vizuri upande mmoja, upande mwingine yakasuasua, na kwa hicho tu niliwekwa kwenye matone ya kulainisha macho kwanza ndo nikapangiwa tarehe. Kuna watu wanakasirika wakicheleweshwa hivo. Mimi ndo nilianza kumwamini yule daktari hapo.

Sasa hesabu ambayo ni vizuri ukaijua mwenyewe. Kila namba moja inayoondolewa inakula kama mikroni 12 mpaka 15 za konea, inategemea na upana wanaoufanyia kazi. Kifuniko cha LASIK kinachukua kama 110. Na chini baada ya kila kitu lazima kibaki kitu cha kutosha, mikroni 250 ndo mwisho kabisa na madaktari wengi wanataka 300. Kwahiyo mwenye konea ya 500 na namba -6 (alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali), toa 110, toa 90, inabaki 300, yuko pembezoni lakini inawezekana. Mwenye 490 na namba -8, toa 110, toa 120, inabaki 260, huyo daktari makini atamwambia hapana, au atamwambia kuna njia nyingine ya kupandikizwa lenzi ndani ya jicho bila kugusa konea. Muulize daktari wako hesabu yako ni ipi. Akikujibu "usijali" bila namba, toka.

Mdogo wangu alikuwa na namba ndogo tu, konea haikuwa nyembamba ya kutisha, umri ulikuwa unafaa, hela tulikuwa tumechanga. Ila ile ramani ya rangi ikatoka na doa jekundu chini ya katikati, macho yote mawili. Inaitwa keratokonasi, konea inalegea na kuchongoka kidogokidogo. Daktari hakumuuliza kuhusu miwani, alimuuliza "unafikicha macho?" Tukacheka wote nyumbani tuliposimuliwa, kwasababu huyo mtu tangu mtoto ana mzio, vumbi kidogo tu macho yanawasha, na anafikicha kwa vifundo vya vidole mpaka mama alikuwa anamchapa mikono. Kufikicha macho miaka na miaka ni moja ya vitu vinavyoendana na huo ugonjwa, na ukichukua konea iliyoanza kulegea ukaipunguza unene kwa leza, unaiharakisha kuharibika, na wengine wanaishia kuhitaji kupandikizwa konea ya marehemu. Kwahiyo alikataliwa, na kukataliwa kule ndo kulimwokoa, maana kuna tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa UV ambayo inazuia isiendelee kuchongoka, na inafaa ifanyike mapema. Sasa hivi yuko na miwani yake na dawa ya mzio na marufuku ya kufikicha. Kama nyumbani una mtoto anayefikicha macho kila siku, hata hii habari ya leza achana nayo, mpeleke akaangaliwe, Muhimbili kuna idara ya macho, CCBRT pale Msasani ndo kazi yao.

Wengine wanaosubirishwa au kukataliwa: mjamzito na anayenyonyesha, kwasababu homoni zinachezea namba na ukavu wa macho. Mwenye kisukari kisichotulia. Mwenye magonjwa ya kinga kujishambulia kama lupasi au baridi yabisi ya aina hiyo. Mwenye kinga ya mwili iliyoshuka kwa sababu yoyote, na hapo usifiche hali yako wala dawa unazotumia, daktari hakuhukumu, anataka kujua kidonda kitaponaje. Aliyewahi kupata malengelenge ya virusi kwenye jicho. Anayetumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini. Na kama ngozi yako ukikatwa inavimba makovu makubwa, keloidi, sema, wengi wanafanyiwa LASIK bila shida lakini ni kitu ambacho daktari anatakiwa kukijua kabla ya kuchagua njia.

Hela, hospitali na maswali

Bima nyingi hazigusi hii kitu, wanaihesabu ni ya kujipendezesha, kwahiyo usitegemee kadi, ulizia na upate jibu kwa maandishi. Ukitajiwa bei uliza ni ya jicho moja au yote mawili, vipimo vimo, matone ya miezi ya mwanzo yamo, marudio ya kliniki yamo, na kama namba ikibaki wakahitaji kugusia tena baada ya miezi kadhaa nani analipa. Bei rahisi ambayo haina hivo vyote ndani sio rahisi.

Jina la daktari atakayekufanyia, sio jina la hospitali. Madaktari wa Tanzania Bara wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ni haki yako kuhakiki. Muulize anafanya ngapi kwa mwezi, anafanya na PRK au ana njia moja tu (mwenye nyundo peke yake kila kitu kwake ni msumari), na wangapi anawakataa. Akisema hajawahi kumkataa mtu, kimbia. Kingine ambacho mtu wa Ulaya hawezi kuwaza kuuliza ila wewe uliza: umeme ukikatika katikati inakuwaje? Sehemu ya maana ina betri za akiba zinazoshika papo hapo kabla jenereta halijawaka, na watakujibu bila kununa kwasababu wameshaulizwa sana.

Ukiamua kwenda India, na Watanzania wengi wanaenda, kuna hospitali za macho za miaka mingi kule kama Aravind ya Madurai na L V Prasad ya Hyderabad, usikate tiketi ya kurudi kesho yake. Siku ya kwanza baada ya operesheni lazima uonekane, na wiki ya kwanza pia. Na kabla hujaondoka Dar tafuta daktari wa macho wa hapa atakayekubali kukuangalia mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, mwambie mapema, usimtokee tu na macho mekundu na karatasi za Hyderabad ukitegemea akupokee kwa furaha.

Siku yenyewe

Ule kama kawaida, hii sio operesheni ya kulazwa usingizi, njaa itakufanya utetemeke tu. Vaa shati la vifungo mbele ili usivue kwa kichwani. Wanja, maskara na kope za bandia viwe vimeondoka siku kadhaa kabla, sio asubuhi hiyo mlangoni, maana mabaki yanabaki kwenye mizizi ya kope na ndo yanaleta uchafu. Na dada zangu, marashi hapana, udi hapana, hata nguo uliyoivukiza jana acha kabatini, na kaka zangu mafuta ya baada ya kunyoa pia, ile mivuke inaweza kuingiliana na leza ndo maana chumba chenyewe kinapimwa joto na unyevu. Mi nilienda nanukia sabuni ya mche tu.

Usaini karatasi baada ya kuzisoma. Wengine wanapewa kidonge cha kutuliza wasiwasi, kubali kama unajijua.

Unalala chali, kichwa kinakaa kwenye shimo la mto. Matone ya ganzi, yanawasha sekunde kadhaa alafu jicho linakuwa kama sio lako. Wanakufunika uso kwa kitambaa chenye tundu, kope zinabandikwa plasta, kinawekwa kichuma kidogo kinachoshikilia kope wazi. Watu wote wanaogopa "je nikipepesa?" Huwezi kupepesa, hata ujaribu. "Je nikicheza jicho?" Mashine inalifuata jicho na likienda mbali inasimama yenyewe. Kwa LASIK kuna pete inakandamiza jicho wakati wa kukata kifuniko, hapo presha unaisikia kabisa na kuona kunazimika, giza au kijivu, sekunde chache mpaka nusu dakika hivi. Hakuna aliyenitayarisha kwa lile giza ndo maana nakuandikia wewe, ni kawaida, pumua, hesabu kimoyomoyo. Mwanga utarudi.

Baadae kitanda kinasogezwa chini ya mashine ya pili, kifuniko kinafunuliwa na kila kitu kinakuwa ukungu, kuna taa ndogo inamulika na kazi yako dunia nzima ni kuiangalia hiyo taa. Leza inaanza, tatatatata, na harufu ya nywele zilizoungua inakuja puani. Sio kwamba jicho linaungua, nimeshasema leza hii haiunguzi, ni vipande vidogo vya konea vinavyorushwa hewani. Nilikuwa nasikia muuguzi anahesabu sekunde kwa sauti ya chini na kabla sijazoea akasema tayari. Kwa jicho moja leza yenyewe haifiki hata dakika mara nyingi. Macho yote mawili, kuanzia kulala mpaka kuinuka, ni kama dakika 20 mpaka 30. Unainuka unaiona saa ya ukutani, kuna moshimoshi lakini mishale unaiona, na hapo watu wazima wanalia aisee, muuguzi anakwambia usilie bado utajaza jicho.

Masaa na wiki za mwanzo

Nyumbani urudishwe kwa gari la kufunga vioo. Bodaboda hapana, bajaji hapana, hata kama unakaa karibu, ganzi ikiwa bado ipo jiwe litaingia jichoni usijue. Ganzi ikiisha macho yanawasha na kutiririka kama umemenya gunia zima la vitunguu, masaa manne mpaka sita, dawa yake ni kumeza kidonge cha maumivu walichokupa na kulala chumba chenye giza. Feni usielekeze usoni! Hilo nalirudia kwasababu Dar bila feni hulali, ielekeze miguuni au ukutani, upepo wa usiku kucha unakausha macho ambayo tayari yamekatwa mishipa ya fahamu inayoamsha machozi. AC vilevile. Usiku unalala na vile vikinga vya plastiki machoni wiki ya kwanza, sura inatisha watoto lakini kazi yake ni kukuzuia usijifikiche usingizini na kusogeza kifuniko.

Aliyefanya PRK ajipange tofauti: ana lenzi laini ya kufunika kidonda kwa siku nne mpaka saba, siku tatu za kwanza mwanga unauma, machozi, kama mchanga umejaa machoni, na ofisini aombe ruhusa wiki nzima au zaidi, sio wikiendi. Wa LASIK wengi wanarudi kazini baada ya siku mbili tatu ila kompyuta kwa vipindi, na kuendesha gari mpaka daktari aseme.

Matone yatakuwa ya aina tatu hivi. Ya kuzuia maambukizi, wiki moja hivi. Ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, unapunguza kidogokidogo kwa ratiba. Na machozi ya bandia, hayo miezi. Acha dakika tano kati ya dawa moja na nyingine, vinginevyo ya pili inasukuma ya kwanza nje na umetupa hela. Steroidi ikiisha imeisha, usiende duka la dawa la mtaani kuongeza chupa nyingine kwasababu ilikufanya ujisikie vizuri, ile dawa ikitumika holela inapandisha presha ya macho kimyakimya. Na mtu asije na asali, wala maziwa ya mama, wala maji ya aina yoyote aliyoombewa na nani sijui, mpokee kwa heshima, weka pembeni.

Maji ndo mtihani mkubwa. Kuogelea wiki mbili au zaidi usiwaze, iwe Coco iwe bwawa la hoteli. Kuoga unaoga kuanzia shingoni kushuka, uso unapangusa kwa kitambaa. Saluni, ile ya kulaza kichwa nyuma kwenye sinki, sukwa au osha nywele kabla ya operesheni ukae nazo. Kwa anayeswali, muulize shehe wako mapema kuhusu udhu na kuhusu matone ukiwa umefunga, daktari anachokataza ni maji kurushwa yakaingia jichoni. Vumbi ni la pili: miwani ya jua iliyofunika pembeni kila ukitoka, na kama ni fundi wa kuchomelea au wa mbao, wiki mbili tafuta wa kukushikia karakana. Mpira wa mtaani na michezo ya kugusana subiri mwezi na ruhusa.

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, wekundu unaozidi, usaha, au kuona kunashuka ghafla: nenda siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Maambukizi ni nadra ila yakianza hayasubiri Jumatatu.

Usiku na ukavu

Hapa ndo sehemu ambayo matangazo yanapita haraka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwafuatilia watu waliofanya LASIK kwenye utafiti unaoitwa PROWL, na kati ya waliokuwa hawana shida yoyote ya namna hiyo kabla, mpaka asilimia 46 walisema miezi mitatu baadae wana angalau dalili moja mpya ya kuona, na iliyoongoza ni miduara ya mwanga kuzunguka taa. Ukavu mpya wa macho, mpaka asilimia 28. Walioshindwa au kupata taabu kubwa kwenye shughuli za kawaida kwasababu ya hizo dalili walikuwa chini ya asilimia moja. Kwahiyo sio kwamba watu wanaharibika, ila usiingie ukidhani ni kama kubadilisha betri ya saa.

Kwangu miezi ya mwanzo barabara ya Bagamoyo usiku ilikuwa kazi. Boda wa Dar anawasha taa kali muda wote, na kila taa ilikuwa na duara lake na miiba, zikija nne kwa pamoja maeneo ya Mwenge nashindwa kujua ipi iko mbele. Nikawa naendesha mchana tu, usiku napanda cha mtu. Imepungua sana, haijaisha kabisa, mvua ikinyesha usiku bado naiona kidogo. Kama kazi yako ni dereva wa usiku, teksi au lori, hili liwe swali lako la kwanza kwa daktari na sio la mwisho.

Ukavu kwa wengi unatulia ndani ya miezi sita mpaka mwaka. Machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi ndani, yale ya vichupa vidogo vya kutumia na kutupa, ni ghali zaidi lakini ukiweka mara nyingi kwa siku ndo salama.

Kingine, leza haizuii uzee. Ukikaribia miaka 40 na kitu lenzi ya ndani inakakamaa na kusoma karibu kunakuwa shida, kwa kila binadamu, na leza ya konea haigusi huko. Tena asiyeona mbali akifika umri huo alikuwa anavua miwani tu anasoma meseji, ukishafanya leza huo ujanja umeisha, utanunua miwani ya kusomea. Wengine wanapangiwa jicho moja la mbali na jingine la karibu, ukipendekezewa hivo omba ujaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa wiki kadhaa, kuna vichwa vinakubali na kuna vinavyogoma.

Mwisho karatasi. Omba nakala ya namba zako za kabla ya operesheni, ramani za konea, unene, na kiasi kilichoondolewa, piga picha, jitumie kwenye barua pepe, mpe na mwenzako. Sababu ni mbili. Siku ukipata mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi ya kuwekewa inategemea umbo la konea na yako imeshabadilishwa, bila hizo karatasi wanakisia. Na presha ya macho, ambayo sisi waafrika inatupata sana na mapema, ikipimwa kwenye konea iliyopunguzwa inasoma chini kuliko ilivyo, kwahiyo kila mtu atakayekupima maisha yako yote, hata kwenye zile kambi za bure za Mnazi Mmoja, mwambie kabla hajakugusa kwamba ulifanyiwa leza, na umwombe aangalie na mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho.